Baridi Naijua

Dar es Salaam walinionea huruma.
Binamu yangu Nuhu, shati limemlowa mgongoni,
alininunulia koti Kariakoo, akasema:
"Vaa, dada. Huko Ufini watu wanaganda."
Nikacheka.
Mimi wa Matamba. Nimezaliwa
mwaka ule sakitu ilipounguza viazi vyote hadi Kitulo.
Ndivyo mama alivyomjibu afisa wa pasipoti, Mbeya,
alipoulizwa tarehe.
Afisa akangoja. Mama akaongeza:
"Ilikuwa alfajiri. Majani yalikuwa meusi."
Afisa akaandika Julai mosi.

Basi baridi naijua.
Naijua kwa kisigino na kwa ncha ya sikio.
Najua maji ya ndoo yanavyovaa kioo asubuhi,
na ng'ombe apumuavyo, kama chungu kilichofunuliwa.

Siku ya safari tulishuka kona hamsini na saba
hadi Chimala, viazi vya moto mapajani.
Mlangoni Songwe askari akauliza:
"Hivi viazi vinakwenda wapi?"
"Vinakwenda kusoma," akasema mama.
Askari akala kimoja, akanipisha.

Juu ya mawingu sina la kusimulia. Nililala.

Theluji nilipoiona sikushtuka:
ni sakitu iliyopata mtaji.
Mwalimu wa mbegu alinistaajabia
natembea kichwa wazi, nahesabu machipukizi
kwa vidole visivyotetemeka.

Lililonishinda ni joto.
Joto la huku halina mahali linapokaa.
Limo ukutani, limo sakafuni, limo hata chooni,
limegawanywa sawasawa kama sukari ya mgawo,
mtu hana sababu ya kumsogelea mwenzake.
Kila mmoja na mlango wake.
Nasikia kijiko cha jirani kikigonga kikombe,
na jina lake silijui, mwezi wa pili huu.

Kwetu moto ni mmoja.
Baba hukaa kulia kwa ajili ya goti lake.
Mdogo wangu Tulizo hulaza kichwa ubavuni mwangu.
Moshi hujichagulia mtu, nasi tunamcheka.
Ugomvi wa mchana haufiki usiku:
utanunia wapi, na mgongo umeganda?
Kumbe baridi ndiyo ilikuwa ikitusogeza.
Nilidhani ni mapenzi matupu.

Jana nilifunga lile bomba la joto,
nikafungua dirisha kidogo, nikangoja.
Saa nzima. Kisha ikaingia bila hodi,
kama mtu wa nyumbani.
Nikavaa koti la Nuhu, nikachemsha viazi viwili,
nikagonga mlango wa jirani.
Nikamwambia, kwa Kiingereza changu cha kuazima,
chumba changu kimepoa.

Alikuja na blanketi.
Akaliona dirisha.
Akanitazama, akatazama sufuria.
Hakulifunga.
Akakaa.