Makonyo

Nilikuwa nikimuuliza mlangoni,
mkoba hajautua, viatu vina tope la njia ya Mtambwe:
"Skuli vipi?"
"Nzuri."
"Mmesoma nini?"
"Hesabu."
Basi. Mlango umefungwa, na mimi niko nje
nyumbani mwangu.

Swali langu lilikuwa la karani wa mizani:
haulizi karafuu imetoka mti gani,
tawi limelia vipi lilipoinamishwa;
ataka namba, aandike, amwite mwengine.

Mama yangu, Bikombo, alisema mtoto ni mtungi:
ukiupigapiga ujue umejaa nini
utaupasua.
Nikaona hayo ya kizamani. Nikapiga.

Msimu ulipoingia tukakaa jamvini baada ya Isha,
mimi na Mize, rundo la karafuu kati yetu
kama mgeni aliyepitiwa na usingizi.
Umeme umekatika. Koroboi ina mafuta ya kidole kimoja.
Karafuu huku, makonyo kule.
Vidole vyake vyepesi kuliko vyangu, wala hatazami.
Nilishajigamba kwa majirani:
"Mwanangu huyu huchambua kayafumba macho."

Usiku ule sikuuliza kitu.
Nilikuwa nimechoka kuuliza.
Nikasema tu, na rundo, si naye:
"Leo juu ya mkarafuu wa kwa Faki tawi limelia, ka!
Nikalikumbatia shina. Watu chini wakacheka.
Na mimi nikacheka, lakini miguu haikucheka."

Vidole vyake vikasita.
"Baba, na wewe waogopa?"
"Naogopa."
"Hata ukiwa mkubwa?"
"Sasa zaidi. Zamani nikianguka, naanguka peke yangu."

Akanyamaza. Ulimi wangu ulishanyanyuka;
nikaubana kwa meno,
nikachambua vishada viwili, vitatu, saba.
Koroboi ikakohoa.

"Mwalimu Maulidi kanisimamisha.
Kasema mimi mwizi wa majibu,
naangalia daftari la Salhina.
Na kweli naangalia."

Hapa, wallahi, mkono ulitaka kupanda.
Nikautia ndani ya karafuu, ukatulia humo.
"Kwa nini la Salhina?" nikasema.
Ningeweza kusema, kwa nini waiba.
Kati ya swali hili na lile pana kikonyo tu,
lakini kikonyo ndicho kinachoshusha bei ya gunia zima.

"Kwa sababu liko karibu.
Ubaoni mna moshi."
"Moshi gani?"
"Moshi tu. Chaki ikiandika, yawa moshi.
Chuoni sina tabu, juzuu naiweka puani.
Nilidhani ubao uko hivyo kwa watu wote."

Miaka mitatu.
Miaka mitatu namuuliza alama, anipa alama,
nanunia namba,
na moshi umekaa humu humu ndani
hakuna aliyeuuliza jina.
Na vidole vile nilivyojisifia
vilijifunza kazi bila macho
kwa kuwa macho hayakuwa na la kusaidia.

Sikumpa pole upesi. Pole ya haraka nayo ni mlango.
Nikamuuliza moshi wenyewe una rangi gani.
Akaeleza mpaka mafuta yakaisha, na yalipoisha
akaendelea gizani:
mwezi una manyoya,
mnazi hauna makuti, una nywele,
Salhina humjua kwa mwendo,
na mimi, nikisimama mlangoni,
"huna mdomo, Baba. Una sauti tu."

Makonyo na karafuu tulishazichanganya tena,
sijui tangu saa ngapi.

Jumatatu twenda Wete, hospitali.
Nimemwambia sijui watasema nini.
Akasema na yeye hajui. Tukalala hivyo.

Jana jioni narudi, kamba bado iko begani,
kanidaka mlangoni:
"Tawi leo limesema nini?"
Nilitaka kusema, "Zuri."
Nikakaa kitako pale pale kizingitini,
karibu, uso usawa wa uso wake,
auone mdomo,
nikaanza.