Hadithi za Urefu wa Pasi

Hadithi fupi nazipima kwa pasi ya mkaa.
Nikiijaza makaa na kuiweka mlangoni ishike moto
ninapata kurasa nane, kumi upepo ukilala.
Katika kurasa kumi mtu anawahi kufa,
kurudi, kupenda, kukosewa, kusamehe,
na kuingia tena kaburini
kabla kola ya mteja haijanyooshwa.

Leo ni mkesha wa Krismasi, Arua.
Vumbi la kiangazi limelala juu ya cherehani kama unga wa muhogo.
Magauni kumi na moja yananining'inilia kama madeni,
la mama Ayikoru bado halina mkono wa kushoto,
na mimi, Ezaru, fundi mwenye sifa ya kutimiza ahadi,
nasoma.

Kitabu kimeng'oka jalada.
Kilikuja ndani ya jora la kitenge kutoka Ariwara,
kimetumika kukaza katikati.
Mwandishi simjui.
Kuna ya mpiga kengele aliyezikwa Novemba
na Desemba akarudi kuvuta kamba,
kwa sababu mwanamke mmoja alizoea kuamshwa na mkono wake.
Kuna ya jini wa kike anayenunua keki kila Krismasi
kwa noti ambazo asubuhi huwa majani ya mkaratusi.
Muuza duka anajua. Anayatunza kwenye droo. Hasemi.
Hiyo nimeisoma mara nne.
Hayo majani ndiyo yananimaliza.

Dada yangu Bako, mlokole, ananigombeza:
Krismasi ni ya mtoto wa horini,
si ya mashetani wenye wivu.
Nikamuuliza, wale wachungaji usiku ule, mwanga ulipowashukia,
walidhani wameona nini?
Akasonya. Akakunja kanga yake.
Akarudi kutoka mlangoni:
"Na huyo jini, mwaka uliofuata, alikuja?"

Ukutani kuna shati la buluu, la Andama.
Nilimpima Krismasi iliyopita, shingo inchi kumi na sita,
mabega ya mtu aliyezoea usukani.
Akalipa nusu, akapeleka saruji Yei.
Watu walisema "barabara," basi,
"barabara," wakanyamaza.
Wengine waliniambia nilifumue, niliuze.
Nalipangusa kila Jumamosi, kama picha.

Saa tano usiku umeme ukakatika.
Nikawasha mshumaa, nikaendelea pale
muuza duka anapoweka mkono juu ya droo
na mlango unalia.
Mlango ukalia.
"Fundi, shati langu liko tayari?"

Anayesoma hadithi hizi anazijua kanuni.
Tazama kivuli: mshumaa ulizimwa na upepo wa mlango.
Tazama miguu, kama ni kwato:
alivaa buti, kamba hadi juu.
Mkono wake baridi, lakini alikuwa amenawa kwenye pipa langu.
Kila ushahidi ulikuja na wakili wake.

Nikamvisha shati gizani. Likampwaya.
Huko alikokuwa, chakula hakikuwepo.
Nikashika pini nibane ubavuni
na, nakiri,
niliisukuma kupita kazi yake.

"Aa! Mama! Taratibu!"

Nikawasha kiberiti. Tone moja, jekundu, juu ya buluu.
Nilifurahi, nani asingefurahi?
Ila pembezoni mwa furaha palikuwa na huzuni ndogo ya msomaji.
Mzimu angeondoka alfajiri, ukurasa wa kumi,
aniachie kitu kizuri cha kutazama dirishani.
Huyu alikuwa na njaa. Alinuka dizeli.
Aliketi juu ya jora langu bila kukaribishwa,
akauliza kama kuna chai,
kisha akahesabu nusu iliyobaki, noti moja moja.
Nilizisugua kwa kidole. Karatasi.
Hata hivyo nimeziweka kwenye droo.

Kengele za Ediofe zikaanza,
na katikati ya kengele, harufu:
pasi, niliyoilaza wakati nikienda mlangoni,
juu ya mkono wa kushoto wa mama Ayikoru.
Andama aliuzima kwa kofia.
Tulikohoa wote wawili, tukicheka,
na chai ilikuwa bado haijachemka.