Tambi Kabla ya Lindo

Luku imebakiza uniti mbili, basi gesi.
Shemeji Nkwabi anaingia lindo saa tatu, Kariakoo,
na tambi hazisubiri mtu:
zikilala majini, zinageuka uji wa mtoto.

Chainizi nimeitoa gengeni kwa Mama Koku,
fungu la mia tano,
jina la ng'ambo, matope ya Msimbazi.
Karoti njiti njiti. Hoho. Tangawizi
nimeiponda kwa kitako cha kikombe,
kinu kiko kwa jirani tangu Idi.

Mafuta yanalia. Mboga zipite tu motoni
kama mgeni aliyeapa hakai.
Soya kijiko, ndimu, pilipili mbuzi,
ufuta wa Lindi niliokaanga mkavu
hadi ukaanza kurukaruka.

Nkwabi analichungulia bakuli.
"Mboga nimeiona. Ugali?"
Nampa uma. Anaomba kijiko.
Anavuta; utambi unamchapa kidevuni,
mchuzi unatua kwenye sare.

Kimya.

Analinyanyua kwa mikono miwili,
analimaliza, anafuta jasho la pua.
"Haya, shemeji, sasa songa ugali."

Aule na nini?
Mboga kaimaliza.