Kijiko cha Tatu

Nesi Nkirote alinichoma kidole cha pete,
akakitazama kimashine chake, akanyamaza,
kisha akaniuliza kazi yangu.
Nauza mahamri, nikamwambia, Langoni,
kibaraza cha pili baada ya duka la nyuzi.
Akacheka. Nami nikacheka. Tungefanya nini?

Miaka kumi na tisa nakanda unga huu,
hiliki, tui zito,
sukari bila kipimo, kwa jicho tu,
jicho ambalo sasa, asema, huenda likapofuka
nikizidi kulitegemea.

Akanipa karatasi. Sahani imechorwa duara,
imegawanywa kama shamba la mirathi:
nusu mboga, robo wali, robo samaki.
Nyumbani kwa mama yangu
wali ndio uliorithi kila kitu.
Mchicha ulikuwa mtoto wa kambo,
ukipewa pembe ya sahani na kuambiwa ushukuru.

Siku ya kwanza nilitia kijiko kimoja kwenye chai.
Ilikuwa kama kumsikiliza mtu asiye na meno.
Siku ya nne nikarudia vitatu,
nimeupa mlango mgongo
kana kwamba chai ni kitu cha kuibwa.
Binti yangu Zuwena hakusema neno.
Alichukua kibati cha sukari, akaandika kwa makaa:
MAMA NAKUONA.
Ana miaka kumi na mmoja.
Karo yake imetoka kwenye kibati hichohicho.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaokuja alfajiri na visahani.
Siwaambii kama daktari. Nawaambia kama mwizi
anayejua mlango ulifunguliwa wapi.
Mafuta yakishakuwa meusi yamekwisha,
msiyachuje mkayaita mapya. Mimi niliyachuja.
Embe litafune, usilikamue;
gilasi moja imemeza maembe matatu
na bado una njaa.
Samaki wa kupaka hana kosa,
kosa ni ule mlima wa wali anaolazwa juu yake.
Chumvi iacheni chupani, achari inayo ya kutosha.
Na soda ya kushushia chakula sijui tuliitoa wapi,
bibi yangu alishushia maji ya mtungi
na alikufa na meno yake.
Shela nako ni mwendo wa miguu.
Boti haina kisukari. Unacho wewe.

Mzee Bwanaheri, mteja wangu tangu siku ya kwanza,
aliweka kisahani chini:
«Mwanahalima, yeo wauza mahamri ama hutuba?»
Vyote, nikamjibu, hutuba haina bei.
Akanunua manne.
Kesho yake, manne.

Nikalifufua tanuri la bibi, la udongo, nyuma ya kisima.
Paka alikuwa amezalia humo.
Nilimhamisha na wanawe watatu, akanilaani.
Nikakanda unga wa mtama kwa mikate ya mofa.
Ya kwanza iliungua.
Ya pili ilikuwa migumu kama kobazi.
Ya tatu, Zuwena alikula nusu na mbaazi,
nusu akampelekea paka, fidia ya nyumba.

Siku hizi meza ina masinia mawili.
Kushoto mahamri, madogo kidogo kuliko zamani
(hilo sijamwambia mtu).
Kulia mofa.
Ya kushoto huisha kabla jua halijafika ukutani.
Ya kulia hubaki, tukala wenyewe mchana,
kwa mchicha na changu wa makaa, ndimu tele.
Chai yangu ina kijiko kimoja.
Zipo siku ina kimoja na nusu.

Jana ilibaki mofa miwili.
Bwanaheri aliinua mmoja, akaufunga kwenye gazeti,
akatazama huku na huku
kama mimi siku ile ya nne.
«Wa punda huu,» akasema.
Sikubisha. Nikamhesabia chenji yake.
Punda wake alikufa mwaka juzi.