Kilele cha Pili

Kopo la maziwa ya unga limeletwa na Bi Nuru wa Kisauni.
Mwanawe ana siku kumi na tisa, macho manjano kama bizari.
Lebo inaapa: sukari yake ni glukosi tu.

Nimeonja. Tamu.
Ulimi si shahidi hapa, na mizani nayo imefyata,
maana pacha hawa wana uzito mmoja, kaboni sita kwa sita.
Mmoja ameinua mkono
pale mwenzake alipoushusha. Basi.

Pampu inaguna. Nje, Shimanzi yanuka kahawa na moshi wa malori.
Dakika ya tisa: kilele kimoja, kinene, mabega mapana.
Hicho si kilele. Hiyo ni siri ya watu wawili.

"Swabir," asema Bwana Mwachofi, "umeme utakatika saa nane.
Andika *safi*, twende."

Siandiki. Napunguza maji, napunguza mwendo.
Methali ya haraka nilichapwa nayo chuoni;
leo naiandika kwa tarakimu:
mililita sifuri nukta nne kwa dakika.

Ndani ya safu, sukari inagusa punje, inaaga, inagusa tena,
kama mama yangu atokapo harusini Kuze:
yuko mlangoni, hajaondoka.

Dakika ya kumi na saba bonde linafunguka,
jembamba, upana wa ukucha.
Huku glukosi.
Ng'ambo, mdogo, wima,
galaktosi.

Bi Nuru anapokea kabla simu haijalia mara ya pili.
"Usimpe tena," namwambia.
Nasikia kijiko kikiwekwa mezani.