Zamu ya Rangi

Nyeupe, kijani.
Nyeupe, kijani.
Nimeandika mara moja tu, kwenye kiolezo,
neno moja la amri: zungusha.
Halafu nikakiacha kitanzi kikimbie
(ndivyo tunavyokiita, msiogope)
kama mama anavyoiachia mashine yake ya sweta,
nyuzi mbili nyekundu, moja ya maziwa,
mpaka mkono wa mtoto wa shule utimie.

Tukuyu, saa tatu usiku. Mvua juu ya bati
haina zamu; inapiga tu.
Chumba changu kiko juu ya duka la pembejeo,
naandika huku nikinusa chumvichumvi.
Wakulima mia mbili na kumi na saba wa chai:
namba, jina, kijiji, kilo,
na macho ya karani Ipyana yanayopotea kati ya mistari
kama ndama kwenye ukungu wa Isongole.
Ndiyo sababu ya rangi. Hakuna nyingine.
Nyeupe, jicho lishike. Kijani, jicho lisiteleze.

Jumatatu tukabandika orodha kituo cha kupimia.
Jumanne akaja Tupokigwe wa Mpuguso,
kapu bado mgongoni, kidole chenye utomvu
juu ya jina lake, arobaini na tano:
"Mimi mweupe. Ambokile hapa juu, kijani.
Huyu wa chini, kijani.
Nadaiwa nini?"

Hudaiwi kitu, mama. Ni zamu tu.

"Zamu ya nini?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kufika Ijumaa kituo kizima kilishajua:
kijani ni wa kulipwa mapema,
weupe ni wachumaji wa majani makuukuu.
Mzee Asangalwisye, kijani tangu kuzaliwa,
akanunulia watu soda.
Nikaongeza rangi ya tatu, ya udongo,
ili tafsiri ivurugike.
Wakapata tafsiri ya tatu.
Nikairudisha orodha kwenye mbili zake, nikanyamaza.

Mwezi wa tano Ambokile akafariki.
Ipyana akapiga simu: mtoe.
Nikamtoa. Kidole kimoja, kitufe kimoja,
na kuanzia pale alipokuwa hadi mwisho wa orodha
watu mia moja sabini na watatu wakabadilika rangi
kwa pamoja, bila sauti,
kama shamba upepo unapogeuza migongo ya majani.
Kitanzi hakimjui anayepita ndani yake.
Kinahesabu nyayo.
Hakuna aliyewahi kuwa kijani.
Nafasi ndiyo iliyokuwa kijani, na mtu kasimama juu yake.

Tupokigwe akaja tena, safari hii hana kapu.
Akasimama mbele ya ukuta muda mrefu.
Jirani yake hayupo, na yeye
kasogezwa mpaka kwenye kijani chake,
kama mtu aliyevishwa koti la marehemu
kabla ya siku ya kuanua matanga.
Hakuuliza deni.
"Nirudishie weupe wangu," akasema. "Huu una mwenyewe."

Usiku ule nikarudisha mstari.
Namba ipo. Jina, nafasi tupu. Kijiji, tupu.
Kilo, sifuri.
Nikabonyeza, na watu mia moja sabini na watatu
wakarudi walikokuwa, Tupokigwe wa kwanza.

Leo Ipyana ananiuliza lile pengo la kijani,
arobaini na nne, ni hitilafu?
Namwambia ndiyo. Nitalishughulikia.

Mvua imeanza tena. Huko chini, vijana wa dukani
wanashusha mifuko kutoka kwenye lori,
mmoja bega la kulia,
mmoja la kushoto,
mmoja la kulia