Kibakuli Kimoja

Julai, Uyole. Ukungu umelalia mabua ya mahindi
nami nimevaa sweta mbili,
miguu karibu na jiko la mkaa,
nasubiri kompyuta tatu zikubaliane.

Chumba cha pili Mama Tusekile anashona sare za shule.
Nyuzi zake ni za bluu. Zangu hazina rangi,
ila zikipishana vibaya
kitu huchanika mbali na hapa:

kule Kiwira, kituo cha maziwa,
Ambakisye kaleta lita kumi na mbili,
Sekela kaleta saba,
wakapimwa dakika ile ile, madirisha mawili,
na hifadhidata ikaandika saba, na saba.
Mzee hakugomba. Alitazama risiti,
akatazama ndoo,
akauliza, "Kwani mashine yenu nayo inakunywa?"

Tangu siku hiyo nina swali moja tu.
Kila nikijenga programu upya
naanzisha nyuzi mbili, naziambia:
nendeni dirishani pamoja,
kila mmoja aombe jina lake,
kisha mnionyeshe mmepakuliwa wapi.

Mashine ya kwanza: vibakuli viwili, anwani mbili.
Ya pili: viwili.
Ya tatu, ile kuukuu ya ofisi ya ushirika Tukuyu,
yenye mfumo ambao aliyeufunga alishahama,
ikarudisha anwani moja.

Kibakuli kimoja, wageni wawili.
Wa kwanza hajamaliza kunawa,
chakula chake kimeshamwagwa
na humo humo kimepakuliwa cha mwenzake.
Naye atakula. Hajui.

Wala haikulalamika, hilo ndilo linaloniuma.
Msimbo ule ule, herufi kwa herufi,
ukajengeka bila onyo hata moja.

Mama Tusekile uzi ukimkatikia
anausikia: tap!
anasimamisha cherehani, analowesha ncha kwa mate,
anatunga upya.
Wangu haukatiki.
Unaendelea kushona, kimya,
mkono wa Sekela kwenye shati la Ambakisye.

Usiku huu nimebadili sheria:
kila uzi uje na kibakuli chake kutoka nyumbani,
na pasipowezekana, mlango uwe na kufuli,
aingie mmoja, wengine wapige foleni kwenye baridi.

Nimeiambia mashine kuukuu ijaribu mara elfu.
Mara mia tisa na kumi: viwili, viwili.
Mkaa umekuwa majivu.
Cherehani imenyamaza zamani.
Mia tisa na kumi na moja.
Bado sijavua sweta.